Kijiko kisiingie kwanza: kile kiwanda cha ngozi kilichokufa kando ya ziwa

Kipimo Kwanza (mwenye uzi)

Wangaluka wakuu.

Kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa limepita tangazo kwamba vijana wameruhusiwa kusafisha kile kiwanda cha ngozi kilichokufa, pale chini karibu na maji. Mpango ni kiwanja cha mpira cha maana, vibanda vya biashara na bustani ya mboga ya akina mama. Jina la kiwanda silitaji na mtaa siutaji, maana mvutano wa hati bado haujaisha. Niseme tu kwamba siyo kile cha serikali. Serikali ilikuwa na vyake vitatu, Morogoro, Moshi na hapa Mwanza. Hiki ni kidogo, cha mtu binafsi. Wanaokijua wameshakijua.

Wazo lenyewe nalipenda sana. Jiji letu limebanwa, mawe juu na ziwa chini, kiwanja tambarare ni cha kugombania, halafu tumeacha magofu na majani yamekalia eneo zuri hivyo. Kilichonifanya nifungue uzi ni sentensi moja ya tangazo, kuhusu kijiko, ile mashine ya kuchimba: "Kijiko kinaingia Jumamosi, tunasawazisha siku moja."

Kazi yangu ni kuchukua sampuli za udongo na maji kwenye maeneo ya aina hii. Kwa kiwanda cha ngozi, kusawazisha kabla ya kupima ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuligeuza tatizo la kona moja kuwa tatizo la kiwanja kizima.

Ngozi mbichi inafika imepakwa chumvi. Inalowekwa, inaingia kwenye chokaa na salfaidi ili manyoya yatoke, inakwanguliwa nyama, kisha inazungushwa ndani ya mapipa makubwa ya mbao pamoja na chumvi ya kromu. Hiyo kromu ndiyo inayoizuia ngozi isioze, na ndiyo inayoipa ile rangi ya samawati. Lakini haishiki yote. Inayobaki hutoka na maji machafu. Kiwanda chenye mfumo mzuri huikusanya na kuitumia tena. Vingi vya zamani vilimwaga kwenye mabwawa ya udongo, tope likikauka linachimbwa na kutupwa nyuma ya ukuta. Ukiona kilima kidogo nyuma ya kiwanda cha ngozi na majani juu yake yamedumaa, usidhani Mungu ndiye aliyekiweka.

Kromu inayotoka kiwandani kwa kawaida ni ile wanayoiita kromu tatu. Hiyo ni tulivu, inang'ang'ania udongo na sumu yake ni ndogo. Balaa ni ndugu yake, kromu sita. Inayeyuka majini, inasafiri, inaleta saratani ya mapafu kwa anayeivuta hewani, na inakula ngozi ya mtu hadi kuacha vidonda. Na kromu tatu inaweza kugeuka kuwa sita. Njia rahisi kuliko zote ni moto: ukichoma mabaki ya ngozi penye hewa ya kutosha, majivu yake yanaweza kutoka na kromu sita, na chokaa ikiwepo ndiyo kabisa.

Sasa usafi wetu sisi unaanzaje? Fyeka, kusanya, piga kiberiti.

Naomba mambo mawili tu. Jumamosi kijiko kisiingie, na mwenye mzee aliyewahi kufanya kazi pale amlete hapa.

Sangara Mkavu

Nimeweka kambi. Leteni kahawa na kashata.

Mtoto wa Mabatini

Mkuu umeandika vizuri ila mnatutisha bure. Tunacheza mpira pale tangu tuko darasa la pili, peku, tunaanguka, tunakula vumbi. Nani kafa? Kila kijana akipata pa kujishikiza anatokea mtaalamu na neno sumu. Si mseme tu mnataka tenda ya kupima.

Kipimo Kwanza

Mkuu, tenda sitaki, na swali lako ni la haki.

Sumu ina njia yake ya kumfikia mtu: kuvuta, kumeza au kugusa. Ikiwa imefunikwa na nusu mita ya udongo na hakuna anayechimba, mtu anaweza kucheza juu yake miaka na isimfikie. Greda likipita mara moja limeileta juu, limeisaga, upepo wa ziwa wa mchana unamaliza kazi. Ndiyo maana kusema "tumecheza na hatujafa" hakunijibu kitu kuhusu kitakachotokea Jumamosi.

La pili, unaongelea saratani kama unavyoongelea kipindupindu. Kipindupindu kinakujulisha leo leo. Hii mtu anaipata ukubwani, na hakuna daktari atakayemuuliza alikuwa anacheza wapi akiwa na miaka minane.

Fundi Welda

Pale kuna kitu kingine hamjakitaja. Transfoma kuukuu ilikuwa kwenye kile chumba cha umeme upande wa barabarani. Watu wa chuma chakavu walishaipasua zamani, wakaondoka na shaba. Mafuta mengine yalimwagika sakafuni, mengine yalibebwa kwa madumu. Sisi mafundi wa kuchomelea tunayatumia kupooza mashine, sioni tatizo. Au lipo?

Kipimo Kwanza

Lipo, fundi wangu, na nashukuru umeuliza kwa uwazi. Transfoma nyingi za zamani zilijazwa mafuta yenye PCB, kemikali za viwandani. Kemikali hizo haziozi, zinajikusanya kwenye mafuta ya mwili, zinapanda kwenye samaki, na zikipata moto mkali zinaweza kutoa dayoksini, sumu ambayo ni mbaya kuliko zenyewe. Dunia ilikubaliana kuziondoa chini ya Mkataba wa Stockholm, na Tanzania imo. Siyo kila transfoma kuukuu inazo. Kwa macho huwezi kutofautisha, mafuta yanafanana. Dumu kama bado unalo, lifunge, liweke mbali na moto na watoto, na usimuuzie mtu. Nimesikia hata habari za watu kukaangia chipsi kwa mafuta ya transfoma. Hayo tuyaache, nisije nikashindwa kula mjini.

Chumba hicho nakiingiza kwenye orodha ya pa kupima.

Mama Dagaa

Kaka Kipimo, mimi na wenzangu tunaanika dagaa pale. Kuna ile sakafu ya zege nje, ndefu, haina mchanga, dagaa wanatoka safi bei inapanda. Ndani hatuingii kwa sababu sakafu ya ndani ina madoa ya kijani kijani. Hapo nje ni peupe kabisa. Tuendelee au tuache?

Kipimo Kwanza

Mama, nisikujibu kwa kubahatisha, huyo dagaa ni chakula cha watu. Ile sakafu ilikuwa ya kazi gani? Ndiyo maana nahitaji mzee.

Babu wa Bwaloni

Mjukuu ndiye anayeandika, mimi nasema. Nilifanya kazi pale mpaka siku ya kufungwa, nikadai mafao nikachoka.

Sikilizeni. Kile kilima cha nyuma mnachokiogopa ni manyoya, chokaa na nyama za kukwangua. Kinanuka tu mvua ikinyesha. Maji ya kromu hayakuwa yanaenda kule. Mapipa yalikuwa upande wa kaskazini, mfereji unapita chini ya ukuta unaingia bwawa la chini. Hilo bwawa hamulioni leo kwa sababu tajiri alilifukia kwa kifusi cha moramu alipoambiwa wakaguzi wanakuja. Juu yake ndipo vijana mmesimika magoli.

Sakafu ya nje ilikuwa ya kupokelea. Ngozi mbichi za machinjioni zilishushwa pale, na zile kavu kutoka minadani, Magu, Kwimba, Shinyanga huko. Zile kavu zilikuwa zimechovywa dawa ili wadudu wasizitafune, na nyingine tulikuwa tunazirudia kuzipiga dawa pale pale. Ilikuwa ya unga, unakoroga kwenye pipa. Msimamizi alitukataza kula bila kunawa, lakini sabuni haikuwepo. Mwenzetu mmoja aliota kidonda mkononi, cheusi katikati na hakiumi. Alilazwa, akapigwa sindano akapona. Walisema ameambukizwa na ngozi.

Kirumba Kwetu

Shikamoo babu. Hapo umemwaga ramani nzima.

Babu wa Bwaloni

Marahaba.

Kipimo Kwanza

Shikamoo mzee wangu. Kwa maneno hayo tu umeokoa siku nyingi za kuchimba ovyo.

Wakuu, someni tena alichosema kuhusu bwawa. Kifusi kile kilichomwagwa kwa hila ndicho kimewakinga wachezaji miaka yote. Mtoto wa Mabatini, jibu la swali lako ndilo hilo. Na ndicho kitu cha kwanza ambacho kijiko kingekwangua, kwa kuwa ndiyo sehemu iliyoinuka na kila mtu anataka kiwanja kiwe sawa.

Sakafu ya nje ndiyo inanipa wasiwasi zaidi. Zamani ngozi kavu za Afrika Mashariki zilichovywa aseniki dhidi ya wadudu, baadaye zikaja dawa nyingine. Ipi ilitumika pale, maabara ndiyo itasema. Na kidonda cheusi kisichouma, kwa mtu anayeshika ngozi mbichi, kinafanana sana na kimeta. Vijidudu vya kimeta vikiingia udongoni hujifunga kama mbegu na vinaweza kukaa miongo mingi. Wenzetu wa Ulaya wakitaka kujenga penye kiwanda cha ngozi cha zamani, kimeta ni kitu wanachokiangalia kabla ya kuchimba. Simaanishi kipo pale. Namaanisha kile kilima cha manyoya na udongo wa pembeni mwa sakafu visifukuliwe kwa jembe na watu waliovaa kandambili.

Mama Dagaa, hamisheni kuanzia leo. Tumieni vichanja vya mirunda na nyavu, juu ya ardhi, mbali na ile zege. Na kichanja kinakausha vizuri kuliko sakafu, hewa inapita chini na juu, mbuzi hapiti. Sakafu ikipimwa ikawa safi mtarudi mkitaka.

Mama Dagaa

Sawa. Ila nawe ungeona bei ya mirunda ilivyo.

Mpenda Kijani

Suluhisho la asili lipo bwana. Pandeni alizeti, zinanyonya sumu. Nimesoma walipanda Chernobyl, kule kulikolipuka kinu cha nyuklia. Baada ya misimu miwili mnavuna, mnakamua mafuta, kikundi kinapata hela.

Kipimo Kwanza

Mkuu hapo mwishoni umeniua. Mmea ukinyonya sumu, sumu iko kwenye mmea. Ukikamua na kuuza mashudu kwa wafuga kuku umeisafirisha tu.

Alizeti walijaribu kweli Chernobyl, kwenye bwawa, kutoa madini ya mionzi majini. Kwa kromu ya udongoni mimea mingi inagoma. Inaibakiza kwenye mizizi na kupandisha kidogo sana. Kazi ya mimea pale ni nyingine: kushika udongo usipeperuke wala kusombwa. Nyasi za vetiva zina mizizi inayoshuka sana na hazisumbui. Na chini kabisa, karibu na maji, rudisheni matete na mafunjo yaliyokatwa. Yanapunguza kasi ya maji ya mvua, tope linatuama kabla ya kufika ziwani, mbolea inayolisha gugu maji inapungua. Hayo mafunjo msiyauze kwa watu wa mikeka mpaka yapimwe.

Bustani ya mchicha naomba ife, au ihamie kwenye matuta ya kuinuliwa yenye udongo wa kuletwa na kitako kilichofungwa. Mchicha una majani mapana na vumbi linakaa, halafu madini kama risasi na kadimiamu unayachukua vizuri tu.

Dada Wakili

Niweke upande wa sheria, kwa sababu naona watu wanadhani ruhusa ya mtendaji wa mtaa inatosha.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kama zinaweza kuharibu mazingira. Vibanda vya biashara mlivyochora vipo humo humo. Sheria hiyo hiyo inampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Ina kanuni ya mchafuzi kulipa, na inatoa nafasi ya amri ya kurejesha mazingira, yaani aliyeharibu anaambiwa arudishe. Tangu 2007 tuna pia kanuni za viwango vya ubora wa udongo, kwa hiyo majibu ya maabara yana mahali pa kulinganishwa.

Tatizo letu ni nani mchafuzi. Kiwanda kimepita mikono kadhaa, kila mnunuzi alinunua majengo na hakuna aliyenunua tope. Kikundi cha vijana kikiingiza kijiko bila tathmini ya athari kwa mazingira na kutawanya uchafu, kinajiandika chenyewe kwenye orodha ya wachafuzi. Wamiliki wa nyuma watafurahi sana.

Angalieni Mombasa. Kijiji cha Owino Uhuru kilikaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kuanzia 2007. Kilifungwa 2014 lakini risasi ilibaki kwenye udongo na kwenye damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na mzigo ukagawanywa kwa kampuni na vyombo vya serikali, mamlaka ya mazingira ikiwemo. Kesi ikapanda ngazi za juu ikachukua miaka mingine. Kilichowabeba wale watu ni vipimo. Bila namba za maabara ingebaki hadithi ya harufu.

Mtoto wa Mabatini

Haya, nimelegea kidogo. Sasa nyie wataalamu, mkishapima mnafanya nini? Maana hela ya kubeba udongo wote ule hakuna, na hata ikiwepo mnaupeleka wapi? Dampo la Buhongwa?

Kipimo Kwanza

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Kuubeba ndiyo njia ya mwisho. Kila lori linalotoka linamwaga vumbi njiani, na kule linakoenda kuna watu.

Kwa wenye hela, London walipoandaa michezo ya Olimpiki ya 2012 walichagua eneo la viwanda vya zamani, wakaosha udongo kwa mashine, tani zipatazo milioni 2, na sehemu kubwa wakairudisha pale pale. Hiyo siyo saizi yetu.

Mfano ninaoupenda uko Seattle, Marekani, ukingoni mwa ziwa kama sisi. Kiwanda cha gesi kilifungwa 1956 kikaacha lami na mafuta ardhini. Mbunifu Richard Haag akashauri mitambo ibaki, na udongo ulimwe kwa kuchanganywa tope la majitaka na vumbi la mbao ili bakteria wapate nguvu ya kula mafuta. Bustani ilifunguliwa 1975. Watu wanarusha tiara pale kwenye kilima kilichotengenezwa kwa vifusi. Lakini 1984 ilibidi wafunge kwa muda wapime upya, na mpaka leo kuogelea pale ukingoni hairuhusiwi. Yaani hata kazi iliyosifiwa dunia nzima haikuisha, inasimamiwa.

Mafuta bakteria wanakula. Kromu ni metali, hailiwi ikaisha. Unachoweza ni kuilazimisha kromu sita irudi kuwa tatu, itulie. Wanatumia salfeti ya chuma, au wanawalisha bakteria wa ardhini kitu chenye sukari kama molasi, wanamaliza hewa kule chini na kromu inageuka. Hinkley, California, kampuni ya umeme iliyochafua maji ya chini kwa kromu sita ililipa wananchi dola milioni 333 mwaka 1996, na kwenye kusafisha ikaja kupampu spiriti ardhini kwa kazi hiyo hiyo.

Sangara Mkavu

Kwa hiyo ardhi ya wenzetu inaleweshwa ndiyo itulie. Sisi wa huku tukilewa ndiyo vurugu zinaanza.

Kipimo Kwanza

😂 Usinitoe kwenye reli.

Kwa pale kwetu, kama vipimo vitasema ni kromu tatu kwa wingi na sita kidogo, nafikiri kazi kubwa ni kuifunika na kuyanyima maji njia. Funiko lina tabaka: udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, kitambaa cha ujenzi kinachotenganisha ili mtu akichimba ajue amefika pabaya, kisha udongo safi wa kutosha na nyasi.

Hapa wenyeji mnanielewa. Udongo wa mbuga, ule mweusi, unazuia maji vizuri ukiwa na unyevu, lakini kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukiuweka juu wazi, mvua ya kwanza ya vuli inaingia moja kwa moja chini. Ukitumika ukae chini ya udongo mwingine usiokauka haraka. Na mteremko wa juu ni luseni, mchanga wa mawe yetu haya, maji yanapita kama kwenye chujio, yakigonga mwamba yanageuka pembeni kuelekea ziwani, yakipitia chini ya bwawa la mzee. Kwa hiyo hata ukifunika juu kwa dhahabu, maji ya mlimani yasipokingwa yanaendelea kuosha kwa chini.

Ziwa lenyewe halisamehe haraka. Lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na maji yake mengi huingia kwa mvua na kuondoka kwa mvuke. Metali haipandi na mvuke.

Ukerewe Moja

Nanyi mnakunywa hayo maji? Maana chanzo kimojawapo cha maji ya jiji kiko Capri Point.

Kipimo Kwanza

Yanatibiwa kabla ya kuja bombani, tusizue taharuki. Wa kuwaza ni wanaochota ndoo pale pale ukingoni na wenye visima vifupi mtaani. Viwili vitatu vya chini ya kiwanda vipimwe pamoja na udongo.

Katibu Kikundi

Habari za humu. Mimi ni katibu wa hao vijana, nimesoma mwanzo mwisho. Sikufurahi mwanzoni ila maneno ya babu yamenikalia. Shida ni kwamba mwenye kijiko tumeshamlipa kianzio na harudishi. Vijana nao nimewaahidi kazi. Nikirudi mikono mitupu nafukuzwa ukatibu. Nishaurini kwa vitendo, siyo sheria tu.

Kipimo Kwanza

Katibu, karibu, na hongera kwa kuja.

Kijiko kije Jumamosi. Kisivuke uzio. Kichimbe mtaro wa kukinga maji upande wa juu, nje ya eneo, kule kwenye luseni ambako kiwanda hakikuwahi kumwaga kitu. Uanzie kwenye lile jiwe kubwa ushuke hadi mfereji wa barabara. Ongea na watu wa barabara na halmashauri kabla ya kuunganisha. Mtaro huo utahitajika majibu yakiwa mabaya na utahitajika yakiwa mazuri, na ukiwahi vuli umeokoa mengi. Udongo wake ukae kando, utafaa kwenye funiko.

Vijana wana kazi pia. Uzio ukarabatiwe, hasa pale watoto wanapopenya. Bati za asbesto zilizoanguka zisivunjwe wala kuburutwa. Zimwagiwe maji, zifunikwe turubai, zisubiri wenye kibali. Hakuna kuchoma chochote, hata majani. Hakuna kufagia pakavu.

Kupima tutafanya hivi. Babu aje na mjukuu, atuoneshe kwa fimbo: mapipa, mfereji, bwawa, sakafu, chumba cha transfoma. Kila sehemu sampuli zake, za juu na za chini, kila moja chombo chake na lebo yake. Msikubali mtu achanganye udongo wa eneo zima kwenye ndoo moja ili kupunguza gharama. Pabaya panamezwa na pazuri, unapata namba ya kati inayomdanganya kila mtu. Sampuli moja ichukuliwe juu mlimani, pasipo na historia, ili tujue udongo wetu wa asili una kromu kiasi gani. Ya maji ikae kwenye baridi na ifike maabara ndani ya siku hiyo, kromu sita haingoji. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina kanda hapa hapa Mwanza. Waombeni wapime kromu jumla na kromu sita kando, aseniki, risasi, na PCB kwa mafuta. Kama kipo wasichoweza watawaelekeza. Kimeta muwaone watu wa mifugo. NEMC kanda, wale wasimamizi wa mazingira wa taifa, muwaandikie barua mapema, mpate na nakala iliyogongwa muhuri. Dada Wakili atakwambia kwa nini.

Dada Wakili

Kwa sababu siku mwenye hati akitokea na kudai mmeharibu mali yake, muhuri ule utaongea. Rasimu ya barua naiandika usiku huu, nitakutumia inboksi. Iende kwa NEMC, Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria na mkurugenzi.

Katibu Kikundi

Nashukuru dada. Na mpira je? Ligi ya mtaa inaanza.

Kipimo Kwanza

Chezeni, ila mwagieni maji kabla, vaeni viatu, na msichimbe mashimo mapya ya magoli. Yaliyopo yabaki yalipo. Goli la upande wa ziwa limeinama nimeliona, msilinyooshe kwa kuchimba, lifungeni kwa kamba.

Mtoto wa Mabatini

Hilo goli limeinama tangu enzi hizo, wapinzani ndiyo wanalilalamikia. Babu, Jumamosi nakupitia na bodaboda, usitembee. Bado uko kule kule juu?

Babu wa Bwaloni

Niko kule kule. Njoo asubuhi kabla jua halijawa kali, na mje na viatu vyenu vya mvua, ule mfereji haujakauka wote.

Fundi Welda

Mama Dagaa, mirunda ipo kwangu, ilibaki kwenye ujenzi. Njoo na guta tu, nitakukatia na kuunga miguu. Ila dagaa wa kuonja usisahau.

Mama Dagaa

Nakuja kesho mchana. Dagaa watakuwa wa kichanja, siyo wa pale.